Darsa ya Sayansi Baina ya Magharibi na Isha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika jiji la London, mtaa wa Albemarle, iko taasisi iitwayo Royal Institution, iliyoasisiwa mwaka 1799. Moja ya kazi zake ni kuwafundisha watu wa kawaida sayansi kwa njia ya mihadhara. Tangu mwaka 1825 hutolewa hapo mihadhara ya vijana kila mwisho wa mwaka, isipokuwa ilipokatizwa na Vita vya Pili vya Dunia. Imenasibishwa na Krismasi. Jina hilo lisitushughulishe, kwani yanayofundishwa ni moto, umeme, nyota na mwili wa mwanadamu.

Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, naye akijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lao alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy katika taasisi hiyo. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi, akampelekea Davy kitabu hicho, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi. Ndiye aliyebainisha, mwaka 1831, jinsi mwendo wa sumaku karibu na waya unavyozalisha umeme. Jenereta tunayoiwasha msikitini umeme ukikatika inafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Ingelikuwaje lau yule mteja asingetoa tiketi? Sisi misikiti yetu haina tiketi mlangoni.

Wapo wazee wetu wasemao kwamba msikiti si mahali pa mambo hayo. Tunawaheshimu, lakini tuitazame Madina. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, wanafalaki wamekokotoa kuwa ilikuwa Januari 632. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtafuta ukubwa angenyamaza aifaidi dhana hiyo. Yeye, baba aliyefiwa, aliswalisha, kisha akawahutubia watu na kuwabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa yeyote. Swala na ubainifu vilikuwa katika mkusanyiko mmoja.

Katika misikiti ya Dar es Salaam, safu za Magharibi zina walimu wa fizikia, wauguzi na wahandisi ambao hatujapata kuwaomba wazungumze. Kijana wa sekondari ameketi nyuma yao na maswali yake, akidhani hapa si mahali pa kuyauliza. Darsa ya tafsiri ibaki na siku zake. Tutenge jioni moja kwa mwezi. Mzungumzaji aseme anachokijua, nasi tuliosoma kwa Kiarabu tukae tusikilize, wala tusimlazimishe mhandisi atafute aya kwa kila waya.

Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa kikamilifu, na Makka itakuwa ndani ya kivuli. Kabla ya siku hiyo kamati za misikiti zimwalike mwalimu wa fizikia aeleze mwezi unavyopita baina ya jua na ardhi, na kwa nini kulitazama jua kwa macho matupu hudhuru jicho. Kisha imamu afundishe swala ya kupatwa kwa jua. Vifaa ni taa moja, mpira na chungwa.

Wabillahi Tawfiq.