MANENO YA KATIBU WA TAWI KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA: TUWALINDE WAZEE WETU NA MATAPELI WANAOJIITA MAOFISA WA SERIKALI



Tunawatumia maneno haya kama yalivyosemwa mkutanoni, ili na wasiohudhuria wayapate, na kila mmoja amsomee mzee wa nyumbani kwake.

Simu hizi sasa tunazijua. Anapiga mtu mwenye sauti ya heshima, anaamkia, anamtaja mzee kwa majina matatu na mahali alipofanya kazi. Anasema yuko Hazina au mfuko wa pensheni, na kuna malimbikizo ya mafao yamekwama. Ili yatoke, inatakiwa ada kidogo ya kukamilisha faili. Kwa mwingine atasema ni TASAF: jina limepita, tuma pesa ya usajili. Kisha hufuata maneno mawili: "kabla ya saa kumi" na "usimwambie mtu".

Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituma pesa mara mbili, kisha akanyamaza wiki nzima kwa aibu. Ndugu wanachama, huyu si mjinga. Amefundisha watu wengi wa mtaa huu kusoma. Kizazi chake kimelelewa kuitika serikali inapoita. Tapeli anachotumia ni utii huo.

Kwa hiyo ulinzi unaanza na sisi tunaobeba vyeo. Kiongozi anayegonga mlango na daftari, kisha akaudhika kuulizwa "umetumwa na nani?", anamsafishia tapeli njia. Mzee asiyeruhusiwa kumuuliza balozi hatathubutu kumuuliza "ofisa wa Hazina".

Kamati ya Siasa ya Tawi imekubaliana haya:

*Kwanza*, kiongozi yeyote wa tawi au shina akifika nyumbani kwa mzee atajitambulisha, na akiulizwa atajibu kwa upole. Hakuna kiongozi wa tawi atakayeomba pesa kwa simu.

*Pili*, orodha zenye majina na namba za wazee zisirushwe kwenye magrupu.

*Tatu*, kila balozi awatembelee wazee wa shina lake na kukubaliana na kila mmoja jina la mtu wa kumpigia kabla ya kutuma hata shilingi.

Tuwaambie wazee mambo haya bila kuzungukazunguka. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontrol namba na hutoka risiti. Hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Walengwa wa TASAF huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, nafasi hainunuliwi. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata akisema anatoka wapi. Mstaafu mwenye shaka aende mwenyewe ofisi ya mfuko wake, au asindikizwe na mwanawe.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia, usiufute. Utume kwenda namba 15040 ya TCRA na ufuate maelekezo. Kama pesa imeshakwenda, pigia kampuni ya simu hapo hapo, maana pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa. Kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala. Utapeli huu ni kosa la jinai, na tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Vijana, mzee akikwambia ametapeliwa, usianze na "si tulikwambia?" Ukimfokea leo, kesho hatakwambia, na tapeli atarudi. Mpe kiti, chukua simu yake, anza kupiga.

Na ninyi wazee wetu: kumkatia simu mtu usiyemjua si kuikosea adabu serikali. Serikali ya kweli ina ofisi, na ofisi hiyo kesho asubuhi itakuwa pale pale.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi