Hewa kwanza, mashine nyuma: namna ya kuchagua vyombo vya garaji yetu

Maneno ya mwanachama mmoja, mpaka rangi za magari, katika mkutano wa chama chetu hapa Bukavu. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema.

 

Mumeniomba niseme juu ya vyombo vya kupaka rangi na kutoa kutu, kwa sababu kasha letu sasa linaweza kununua kitu, na wafadhili wetu wanauliza tunahitaji nini. Wengi wetu tulijifunza kazi hii ugenini: wengine Kampala, wengine Dar es Salaam, wengine Bujumbura, wengine kambini. Tumerudi na mikono inayojua. Leo tunanunua gari nzee, Corolla ama minibisi iliyochoka, tunaisimamisha katika parsele, tunaitengeneza kidogo kidogo, kisha inaingia barabarani kutafuta franga. Ni kazi nzuri, lakini chombo kibaya kinaweza kumaliza faida yake yote. Tena kinaweza kumaliza mtu.

Najua vijana wetu wanataka nini. Wananiambia: "Papa, tununue sableze mara moja! Mwenye sableze anapata kazi za portaye, za madirisha, za jante, za karoseri. Siye tutabakia paka na msasa?" Hoja yao si ya kipumbavu. Mashine ya kurusha mchanga inasafisha kwa saa moja kile mkono unasafisha kwa siku mbili. Lakini naomba tuhesabu pamoja, na hesabu inaanzia kwenye hewa.

Pistole ya rangi, sableze, mashine ya kusugua kwa hewa: vyote hivyo havina nguvu yao wenyewe. Nguvu yao inatoka kwenye kompresa. Ukinunua sableze kubwa na kompresa ndogo, umenunua ng'ombe bila majani. Kwa hiyo usiulize kwanza "pistole gani?" Uliza "nina lita ngapi za hewa kwa dakika?"

Shikeni namba hizi chache. Pistole ndogo ya aina ya LVLP inaweza kufanya kazi na hewa ya lita 150 hadi 250 kwa dakika. Pistole ya HVLP inapoteza rangi kidogo kuliko pistole za zamani, lakini inataka hewa nyingi: mara nyingi lita 300 hadi 400. Na sableze? Yenye tundu la milimita 3 tu, kwenye presha ya bari 7, inakula karibu lita 500 kwa dakika. Ya milimita 5 inapita 1,300. Tena mchanga unakula lile tundu lenyewe. Likipanuka toka milimita 3 hadi 4 na nusu, inataka hewa zaidi ya mara mbili. Kompresa iliyotosha mwezi wa kwanza haitatosha tena mwezi wa tatu.

Sasa kompresa ya nguvu za farasi 2, ile tunaiona sana sokoni, inatoa kweli kitu kama lita 150 au zaidi kidogo. Kibandiko chake kinaweza kusema 200 na zaidi, lakini hiyo ni hewa inayovutwa na pistoni, si hewa inayotoka. Kwa hiyo msiamini kibandiko, pimeni dukani. Njia ni rahisi. Chukua kompresa yenye tangi la lita 100. Iwashwe, halafu hesabu sekunde toka bari 4 hadi bari 6. Bari mbili mara lita 100 ni lita 200 za hewa. Ikiwa imetumia sekunde 60, inatoa lita 200 kwa dakika. Ikiwa imetumia sekunde 80, ni lita 150. Muuzaji akikataa kuiwasha, mumuage kwa heshima, muende duka lingine.

Tusisahau tena kwamba Bukavu iko juu, karibu mita 1,500. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya mafuta inapoteza karibu sehemu 15 kwa 100 za nguvu zake hapa kwetu, na kompresa yenyewe inameza hewa iliyo nyepesi. Mashine iliyotosha pwani inaweza kukwama Kadutu. Ununue yenye ziada.

Halafu kuna umeme. Ruzizi tunayo mlangoni, lakini delestaji tunayo ndani ya nyumba. Kompresa ya umeme ya farasi 3 ni kilowati 2 na kidogo ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara tatu au zaidi. Jenereta ndogo itazimika, ama itaungua. Kwa hiyo pendekezo langu ni kompresa ya mkanda, silinda mbili, yenye injini ya petroli, tangi la lita 100 au 150, inayotoa kweli lita 250 na zaidi. Inafanya kelele, ndiyo, na petroli si bure. Lakini haingojei SNEL. Na siku hakuna gari ya kupaka, inaweza kukaa kwa kwado kujaza matairi na kuleta franga ya sukari. Sableze siku hiyo imelala tu.

Nasema sasa jambo la pili, na hapa naomba kila mtu asikilize, hata mama ambaye hajashika pistole maisha yake yote.

Mchanga tunaojengea nyumba, wa mto ama wa ziwa, kwa kawaida una silika. Ukirushwa kwa presha unavunjika kuwa vumbi dogo sana ambalo jicho halilioni. Linaingia mpaka chini kabisa ya pafu na halitoki tena. Pafu linafanya makovu, linakuwa gumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye huo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na kifua kikuu hatuhitaji kufundishwa ni nini.

Si maneno ya kutishana. Uingereza ilikataza kupiga mchanga wa silika katika viwanda vyake tangu 1949. Uturuki, vijana waliokuwa wanapiga mchanga suruali za jinzi ili zionekane kuukuu waliugua silikosisi, wengine wakafa wakiwa bado wabichi, mpaka serikali yao ikakataza kazi hiyo mwaka 2009. Hawakuwa wazee wa migodi. Walikuwa watoto wa umri wa watoto wetu, katika vyumba vidogo, wamefunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii vumbi hilo.

Mtaniambia: kuna mchanga mwingine usio na silika, kuna ganeti, kuna chembe za chuma. Kweli, vipo. Lakini lazima vinunuliwe na kusafirishwa, na vinatumika vizuri ndani ya kabati lililofungwa ambamo unavikusanya tena. Katika parsele ya wazi vinaruka na kupotea kwenye matope, na franga inapotea navyo. Siku vimeisha, kijana ataangalia mchanga wa fundi wa nyumba uliolundikwa pembeni, na hakuna mtu atakayemwona akijaza ndoo. Ndiyo sababu sitaki chombo hicho kiingie kwetu leo. Chombo kikikaa, kitatumika.

Na kwa karoseri, hasara ni mbili. Bati la mlango ama boneti halifiki hata milimita moja. Ukilipiga kwa presha kubwa, linavimba na kujikunja, halafu tolye atalia nalo wiki nzima na mastiki kilo mbili. Sableze ni nzuri kwa shasi na jante. Kwa bati, hapana.

Basi kutu tunaitoaje? Tuangalie kwanza iko wapi. Mara nyingi haiko gari nzima. Iko juu ya magurudumu, chini ya milango, pembeni ya vioo, na katika sakafu, hasa zile gari zilizotoka Ulaya zikiwa zimekanyaga chumvi ya barafu miaka mingi. Hapo tumia mashine ya diski na brosi ya waya, na diski laini ya kutoa rangi. Kwenye kona, msasa na mkono. Mabaki yaliyo ndani ya vishimo yapate dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ikauke, isafishwe jinsi kibandiko kinavyosema, kisha apreti siku hiyohiyo, kwa sababu katika mvua zetu chuma kilicho wazi kinaota kutu usiku mmoja. Pahali bati limetoboka, hakuna dawa: likatwe, liwekwe lingine. Miwani ya macho na maski ya vumbi ni lazima, hata kwa brosi.

Sasa pistole. Tununue mbili, zenye kikombe juu. Moja ya tundu la milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi na vernisi. Nyingine ya 1.7 au 1.8 kwa apreti, na hiyo inaweza kuwa ya bei nafuu. Kwa kompresa niliyosema, ile ya rangi iwe LVLP. Mtapaka pole pole, mlango mmoja, kisha mwingine, lakini hewa haitakatika katikati ya boneti.

Pamoja na pistole, chombo cha kutenga maji. Hewa yetu ina unyevu, na ikibanwa inatoa maji ndani ya tangi. Maji yakifika kwenye rangi, utaona vitundu kama jicho la samaki. Chombo hicho kisifungwe karibu na kompresa, ambako hewa bado ni moto. Kiwekwe mbali, baada ya mita kadhaa za mpira, hewa ikiwa imepoa. Na kila jioni fungueni bomba la chini la tangi, maji yatoke.

La mwisho ni pumzi ya mpaka rangi. Rangi na vernisi zinazochanganywa na dawa ya kukaza zina isosianati. Zinaleta pumu, na mtu akishazoeshwa vibaya, hata harufu kidogo inamwangusha. Hizo zinataka maski inayoletewa hewa safi toka nje. Na kamwe maski hiyo isifungwe kwenye kompresa yetu ya petroli: inaweza kuvuta moshi wa injini na kumuua mtu akiwa amesimama. Mpaka tupate kipulizio cha maski chenyewe, chama kipake kwa rangi za kukauka zenyewe, zisizo na dawa ya kukaza. Hazing'ai kama zile nyingine na zinataka kusuguliwa, lakini gari ya taksi haiendi kwenye harusi kila siku. Hata kwa hizo, mtu avae maski ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vumbi, aina ya A2P3. Baada ya kazi vichujio vifungwe ndani ya mfuko, kwa sababu vikiachwa wazi vinaendelea kumeza hewa na kuchoka.

Na moto. Mvuke wa rangi unatambaa chini na kutafuta cheche. Kadutu tunaijua, nyumba zimebanana, moto wa mmoja unakuwa wa mtaa mzima. Siku ya kupaka hakuna mbabula inayowaka katika parsele, hakuna sigara, hakuna watoto. Mama anayepika aambiwe asubuhi, si saa sita chungu kikiwa tayari motoni.

Kwenu wafadhili, tunawashukuru sana, na ninaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kutuma mashine, mutuulize. Ya Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60, sisi tuna 220 na 50; injini ya namna hiyo hapa itaungua ama itazunguka kwa uvivu. Hata nyuzi za viungo vya mpira hazilingani. Pili, mashine kubwa inapendeza katika picha, lakini kinachotuishia ni vichujio vya maski. Vinabadilishwa mara kwa mara, na mtu mwenye njaa hawezi kuvitanguliza mbele ya unga. Anayetulipia vichujio vya mwaka mmoja ametusaidia kuliko anayetuma sableze.

Kwa hiyo, Mama Prezida, naweka mbele ya mkutano mpangilio huu wa kununua: kompresa, mpira na chombo cha kutenga maji, maski, vichujio, miwani na kizima-moto, pistole mbili, diski na brosi. Sableze isiingie mpaka tuwe na kabati lililofungwa, kompresa inayolitosha, na mchanga usio na silika ambao tunajua utanunuliwa na nani kila mwezi. Tupige kura. Na kijana atakayeshindwa katika kura hii asinung'unike njiani: aje kwangu Jumamosi, tupime kompresa pamoja, saa mkononi.