Mama Anaporudi Kazini Baada ya Kujifungua

Leo nazungumza na wewe msimamizi wa wafanyakazi, na wewe unayefanya kazi kando ya mama aliyetoka likizo ya uzazi juzi.

Hebu twende Naivasha, kwenye banda la kupanga maua. Mama Baraka amerudi zamuni. Mtoto ana miezi mitatu, amemwacha kwa jirani. Zamani alikuwa na mkono mwepesi. Sasa anahesabu waridi na kusahau amefika ngapi. Maziwa yanamjaa hadi yanalowesha nguo. Akienda chooni anakawia. Wenzake wanasema, "Huyu siku hizi amekuwa mvivu." Kumbe huko chooni analia.

Msikilizaji, si kila chozi ni ugonjwa. Siku za kwanza baada ya kujifungua wanawake wengi hulialia, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, mama akawa hapati usingizi hata mtoto akilala, chakula hakipiti, anajiona hafai kuwa mama, hapo kuna ugonjwa. Ni mfadhaiko wa baada ya kujifungua, na unaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa mfadhaiko. Katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Hajarogwa huyo. Ugonjwa huu hutibiwa kwa ushauri nasaha, na ikibidi kwa dawa. Zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia.

Sasa msimamizi, usimfokee mbele ya watu. Mwite kando umuulize, "Mama Baraka, naona hauko sawa. Unalala? Unakula?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie "jikaze". Hata mimi nimewahi kulitumia neno hilo nikidhani natia mtu moyo, na mtu huyo hakunieleza shida yake tena.

Tena sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na haki ya kurudia kazi yake au nyingine inayomfaa, yenye masharti yasiyo duni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa mama nafasi ya kufanya hivyo, isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na wakati wa chakula. Choo si mahali pa kukamulia maziwa! Chumba kidogo kisafi, kiti, mlango unaofungwa na maji ya kunawa, hayo hayamfilisi mwajiri.

Nawe mwenzake kazini, mshikie kazi yake anapokwenda kukamua, bila kumhesabia dakika. Akikwambia anatamani kufa, au anawaza kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa mwezi.

Wengi huficha wakihofia kufutwa, hasa vibarua. Kwa hiyo mama mwenyewe unayenisikiliza, ikiwa kazini huna wa kumwambia, anzia kliniki ya mtoto. Muuguzi akimaliza kumpima mtoto uzani, usibebe mkoba uondoke. Mwambie, "Sista, na mimi pia siko sawa." Atajua akutume wapi. Na wewe msimamizi, mama akikuomba ruhusa ya kwenda kliniki, mpe.