Mwenye Kuku Arudishiwe Kuku Wake



Jumapili iliyopita nilikuwa Likoni natazama mpira. Kiwanja cha mchanga, mistari imechorwa kwa majivu. Mechi inakaribia kwisha, hakuna aliyeona lango la mwenziwe. Kijana wa miaka 17 hivi akampiga chenga kipa, akabaki yeye na goli. Hakufyatua mkwaju. Aliusukuma mpira taratibu kwa ndani ya mguu, kama alivyofundishwa, ukawa unabiringika kuelekea ndani. Beki akajitupa, akaupangusa kwa mkono ukiwa juu ya yale majivu. Refa akatoa kadi nyekundu, akaweka penalti. Kipa akaipangua. Filimbi ikalia, sare.

Beki yule alibebwa mabegani na wenzake. Kijana wetu akakaa chini mchangani, jezi kaivuta mpaka usoni, na hakuna aliyemwendea.

Refa simlaumu, alifuata sheria. Naililia sheria yenyewe.

Kuna mchezo ambao wengi wetu huku pwani hatujauona kwa macho: mpira wa magongo wa barafuni. Hapa Kenya una makao yake Nairobi, katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Vijana wa timu ya Ice Lions waliucheza hadi wakaalikwa Kanada mwaka 2018, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa uanachama katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Katika mchezo huo, timu iliyo nyuma hufika mwishoni ikamtoa kipa wake, iingize mshambuliaji wa ziada. Goli linabaki tupu. Sasa mpinzani akikinyakua kile kisahani cheusi, akachomoka nacho, mbele yake hakuna mtu, kisha akaangushwa kwa nyuma, refa hamwambii apige upya. Bao linahesabiwa papo hapo, ingawa kisahani hakikuvuka mstari. Ulichonyang'anywa unarudishiwa.

Na si barafuni peke yake. Katika raga, rafu ikizuia trai ambayo ingepatikana, refa huenda moja kwa moja katikati ya milingoti na kutoa pointi 7. Katika mpira wa kikapu, ukiugusa mpira wa mpinzani unaposhuka kuelekea kikapuni, pointi zake zinaandikwa. Sisi wa kandanda ndio tunaomwambia aliyeibiwa: haya, jaribu bahati yako tena.

Afrika nzima inaijua bahati hiyo. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, Dominic Adiyiah akapiga kichwa, na Luis Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari. Kadi nyekundu. Asamoah Gyan akapiga penalti, ikagonga mwamba wa juu. Uruguay ikashinda kwa matuta 4 kwa 2. Afrika ikangoja hadi mwaka 2022, Morocco ilipofika nusu fainali.

Msikilizaji, mtu akiibiwa kuku mtaani kwetu, mkosaji akapatikana na kuku mkononi, mzee wa mtaa hasemi mwizi afungwe, na wewe mwenye kuku tupige kura kama utampata. Mwizi ana adhabu yake, na kuku anarudi kwa mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa.

Wapo watakaosema refa hawezi kuwa na hakika kwamba mpira ungeingia. Lakini anapotoa ile kadi nyekundu amekwisha kuamua kwamba bao la wazi limezuiwa. Kama ana hakika ya kutosha kumtoa mtu uwanjani, anayo ya kutosha kuandika bao. Na tuibane sheria, kama walivyoibana wenzetu wa barafuni: iwe kwa mpira uliozuiwa kwa mkono wa makusudi ukielekea kwenye goli tupu, basi. Bao lihesabiwe, mkosaji apewe kadi ya njano, mechi iendelee 11 kwa 11.

Sheria za mpira si msahafu. Mwaka 1882 Waingereza waliwahi kuweka sheria ya kuhesabu bao la namna hii, wakaifuta baada ya msimu mmoja tu. Februari 1891, Jack Hendry wa Notts County akauzuia kwa mkono mpira wa Stoke kwenye mstari. Stoke wakapewa mpira wa adhabu wa kawaida, hatua chache kutoka golini. Kipa akasimama mbele ya mpira, akauziba, na Stoke wakatolewa 1 kwa 0. Watu walikasirika, na Juni mwaka huohuo penalti ikazaliwa. Mkono mmoja ulitosha kuibadilisha sheria.

Leo sheria hizo ziko mikononi mwa IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za kandanda, yenye kura 8, na badiliko linahitaji kura 6. Mlango wetu sisi ni FKF, shirikisho la kandanda la Kenya. Kwa hiyo naomba viongozi wa ligi za Likoni, Kisauni na Changamwe waketi pamoja, waandike pendekezo, walifikishe huko kwa jina la vijana wetu.

Hadi siku hiyo, makocha, kuna jambo lililo katika uwezo wenu. Jumapili ijayo, kijana wako akizuia bao kwa mkono, usimbebe mabegani. Mshike mkono huohuo, uvuke naye uwanja, akampe pole mwenziwe aliyekaa mchangani.

Hayo ndiyo maoni yangu.