Kabla ya Kubadilisha Pikapu, Tupige Hesabu

(Maneno haya yalitolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)



Kikundi kimoja kati yenu kina pikapu ya zamani ya dizeli, ile ya kupeleka viazi sokoni. Bei ya dizeli imewachosha. Sasa amekuja mtu na kusema, "Toeni akiba yenu, niwabadilishie gari litembee kwa mafuta ya mimea." Mmeniuliza: tutoe au tusitoe?

Jambo lenyewe si uongo. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya aina aliyobuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Lakini mafuta ya mimea ni mazito. Ukiyamimina hivyo hivyo, nozo huziba na injini huharibika pole pole. Ndiyo sababu huchanganywa na methanoli na kostiki soda. Yakitulia, glisirini hukaa chini, na juu hubaki biodizeli, ambayo ni nyepesi. Halafu huoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa, maana maji yakibaki, pampu itashika kutu.

Upande wa gari, kazi si kubwa. Shikeni mambo manne:

1. Injini iwe ya dizeli. Ya petroli haiwezi.
2. Mipira ya mafuta ya magari ya zamani huharibiwa na biodizeli, ikavuja. Fundi aweke mipira inayoistahimili.
3. Biodizeli hung'oa uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi, na uchafu huo huziba filta. Muwe na filta ya akiba ndani ya gari.
4. Anzeni kwa kuchanganya lita 20 za biodizeli na lita 80 za dizeli.

Mnaona? Hiyo haihitaji akiba yote ya kikundi.

Shida iko kwingine: mafuta yenyewe yatatoka wapi? Hapa lazima niseme ukweli wangu. Mwaka 2006 mimi mwenyewe niliwashawishi akina mama wa kikundi kimoja wapande mbono kwenye nusu ya shamba la mahindi. Tuliambiwa mbono hautaki mvua nyingi wala mbolea. Ulimea, ndiyo. Lakini miaka mitatu baadaye mbegu tulizovuna hazikujaza debe mbili, na aliyeahidi kununua hakurudi. Mwaka 2009 ilitoka ripoti ya wataalamu waliochunguza mashamba ya wakulima hapa Kenya. Walishauri mkulima mdogo asipande mbono kama zao la biashara, ila kama ua tu. Sisi tulikuwa tumeshajua, kwa njaa. Wale akina mama walinisamehe, lakini mahindi yale hayakurudi.

Sasa tupige hesabu. Pikapu ikienda kilomita 80 kwa wiki, na lita moja ikitembea kilomita 10, hizo ni lita 8 kwa wiki, yaani lita 416 kwa mwaka. Lita moja ya mafuta ya mbono hutaka kama kilo 4 za mbegu. Ni zaidi ya kilo 1,600! Nani hapa ana shamba la kuchezea hivyo?

Lakini mkichanganya lita 20 kwa 80, mnahitaji kama lita 83 tu kwa mwaka, yaani chini ya lita 2 kwa wiki. Hizo mnaweza kuzipata kwa wauza chipsi sokoni, yale mafuta yaliyochoka. Shamba libaki la chakula.

Neno la mwisho ni zito. Methanoli ni sumu. Hupofusha macho na kuua, na kwa macho huwezi kuitofautisha na pombe kali. Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Kwa hiyo isikae nyumbani kwa mtu, wala isitiwe kwenye chupa ya soda. Kazi hiyo ifanyiwe kwenye chuo cha ufundi, chini ya mwalimu anayeijua. Kama hakuna mahali pa kufungia kwa kufuli, basi msianze. Afadhali kununua dizeli kuliko kununua jeneza.

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara. Anamtaka kwanza aketi, ahesabu gharama. Basi tuketi. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Pikapu yetu (au mashine ya posho) hutumia lita ngapi kwa wiki? Nani anaandika?
2. Mafuta yaliyotumika tungeyapata wapi, na kwa bei gani?
3. Ufunguo wa stoo angeshika nani?