Mti Mkononi: Fimbo kama Silaha katika Ulimwengu wa Fantasia



Katika hadithi za fantasia upanga hupewa jina, hupewa nasaba, na mara nyingi hutengewa kurasa nzima za kueleza nani aliufua na nani aliurithi. Fimbo hupewa mzee wa kuiegemea. Mhadhara huu unapinga mgawanyo huo. Ninadai kwamba fimbo ya mti ni silaha kamili, katika historia na katika ulimwengu wa kubuni, na kwamba uzito wake katika kisa hutoka kwenye mti wenyewe: urefu wake, wepesi wake, urahisi wa kuipata, na kuvunjika kwake. Mwandishi anayeigeuza kuwa chombo cha kurushia radi tu, au anayemwachia mpiganaji asiyemudu bei ya upanga, anakitupa kitu ambacho hakuna upanga unaoweza kukileta.

Dharau hii inapimika, kwa kuwa michezo ya fantasia imeiandika kwa tarakimu. Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, umefundisha vizazi kadhaa vya waandishi namna ya kuipanga dunia ya kubuni. Katika toleo lake la mwaka 2014 fimbo ya kupigania inauzwa vipande 2 vya fedha, na upanga mrefu vipande 15 vya dhahabu, yaani mara 75 zaidi. Fimbo ikishikwa kwa mkono mmoja, madhara yake hupimwa kwa dadu ya pande 6. Upanga huo hupewa dadu ya pande 8. Silaha zote mbili zikishikwa kwa mikono miwili, fimbo hupanda hadi pande 8 na upanga hadi 10. Nyuma zaidi, kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimruhusu mganga silaha tatu tu: kisu, kishale cha kurusha na fimbo. Bei siilaumu, kwa kuwa mti kweli ni rahisi kuupata kuliko chuma. Ninacholaumu ni kuichukua bei ya kitu na kuifanya kipimo cha nguvu zake.

Watu waliopigana kwa silaha hizi walipima tofauti. George Silver, bwana wa Kiingereza aliyekereka kwa jinsi walimu wa Kitaliano walivyoupamba upanga mwembamba wa kuchomea mjini London, alichapisha mwaka 1599 kitabu kiitwacho Paradoxes of Defence, na humo akazipanga silaha kwa ubora, moja dhidi ya nyingine. Fimbo aliyoipenda ilikuwa na urefu wa futi 8 au 9, yaani kati ya mita 2.4 na 2.7. Aliiweka juu ya upanga na kisu, juu ya upanga na ngao, juu ya upanga wa mikono miwili, tena akaandika kwamba mtu mmoja mwenye fimbo hiyo ana nafasi nzuri hata dhidi ya wawili wenye panga na visu. Katika pambano la mtu kwa mtu, silaha aliyoipa daraja la juu kuliko fimbo ilikuwa mundu wa mpini mrefu, ambao nao ni fimbo iliyoongezewa chuma. Hakuwa mshabiki kipofu, kwani alisema wazi kwamba vitani, kwenye msongamano wa watu, silaha nzito zenye chuma, kama shoka la vita, huipita fimbo. Mtu anayejua kutenga hali na hali namna hii anastahili kusikilizwa.

Sababu ya hukumu yake inaonekana tukifanya hesabu ndogo. Fimbo ya mti wa ash, mti uliopendwa Ulaya kwa mipini, ikiwa na unene wa sentimita 3 na urefu wa mita 2.4, huwa na uzito wa kilo 1.2 hivi. Panga nyingi za kivita za zama za kati zilikuwa kati ya kilo 1 na 1.5. Kwa uzito uleule, basi, mwenye fimbo anapata urefu wa zaidi ya maradufu, na mikono yake miwili hukaa mbalimbali juu ya mti, hivi kwamba mkono wa nyuma ukisogea shubiri moja tu, ncha ya mbele husafiri hatua nzima. Anaweza kupiga kwa ncha, kuchoma kwa ncha, kuvuta nyuma na kuchoma tena kabla mwenye upanga hajaingia kwenye umbali wa kumgusa. Fimbo hiyohiyo ikichongwa kwa mpingo ingepita kilo 2, na kila pigo lingekuwa la polepole zaidi na zito zaidi. Mwandishi makini angejua tofauti hiyo na kumpa mpiganaji wake mti unaolingana na mabega yake.

Mfano unaotajwa sana ni wa Richard Peeke, mtu wa Tavistock, aliyetekwa katika uvamizi wa Waingereza huko Cádiz mwaka 1625. Alipelekwa Jerez, akapigana mbele ya wakuu wa Kihispania dhidi ya watu watatu wenye panga na visu. Yeye alishika mpini wa silaha ndefu uliong'olewa kichwa chake cha chuma. Alimuua mmoja, akawanyang'anya wengine silaha, na mwishowe akaachiliwa. Mtu atauliza: habari hii tumeipata wapi? Tumeipata kwa Peeke mwenyewe, katika kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1626, na msifu-nafsi hategemewi kwa kila neno. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kijitabu hicho kiliuzwa kwa watu walioijua fimbo na upanga kwa mikono yao, na hakuna anayejisifu mbele ya wajuzi kwa jambo ambalo kila mmoja wao angelicheka. Isitoshe, ushahidi hautoki Uingereza peke yake. Jenerali Yu Dayou wa enzi ya Ming, aliyepambana na maharamia wa pwani ya China katika karne ya 16, alifundisha kwamba fimbo ndiyo msingi wa silaha zote, akiifananisha na vile Vitabu Vinne ambavyo mwanafunzi wa Konfusio huanza navyo. Japani, mapokeo yanamtaja Musō Gonnosuke kuwa mwanzilishi wa mafunzo ya fimbo ya sentimita 128 yaliyobuniwa mahususi kuukabili upanga, na mafunzo hayo yamefika hadi kwa polisi wa Tokyo.

Pingamizi la kawaida ni kwamba upanga utaikata fimbo vipande viwili. Filamu zimetuzoesha picha hiyo, nayo inahitaji mambo mengi yatokee kwa pamoja: mti uwe mkavu au mwembamba, makali yaupige kwa pembe kamili, na fimbo itulie kama gogo lililowekwa juu ya kigingi. Fimbo inayotembea hewani haikai kungoja kukatwa. Makali yakiingia kwenye mti mgumu, aghalabu hunasa, na mwenye upanga aliyenasa yumo hatarini kuliko mwenye fimbo iliyochanjwa. Deraya kamili ya chuma ni habari nyingine. Hapo fimbo tupu inashindwa, na ndiyo maana watu waliivika chuma kichwani ikawa mkuki, mundu au shoka refu. Fantasia iliyojaa mashujaa wenye deraya ina haki ya kuiacha fimbo nyuma siku ya vita vikubwa. Haina haki ya kuiacha nyuma njiani, kwenye daraja, kwenye uchochoro, au mlangoni pa mfalme.

Nami mlangoni hapo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo fimbo inapofanya kazi ambayo upanga hauiwezi. Katika The Two Towers, juzuu ya pili ya riwaya kubwa ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka mwaka 1954, wasafiri wanafika kwenye ukumbi wa Mfalme Théoden na kukutana na bawabu aitwaye Háma. Amri ni kwamba kila silaha ibaki nje. Aragorn anaacha upanga wake kwa shingo upande, Legolas anaacha upinde, Gimli anaacha shoka, na Gandalf, mganga wao, naye anaacha upanga wake maarufu, Glamdring. Inabaki fimbo. Gandalf anaomba aachiwe ya kuegemea kwa kuwa ni mzee, na bawabu anajua fika kwamba fimbo ya mganga yaweza kuwa na zaidi ya hilo, lakini anaamua kwa busara yake mwenyewe kumruhusu. Ndani ya ukumbi fimbo hiyo ndiyo inayoleta giza la ghafla na kumnyamazisha mshauri mbaya, ambaye hata analalamika kwamba alikwisha kuagiza ikatazwe. Kisa hiki chote kinasimama juu ya jambo moja la kawaida kabisa: hakuna sheria inayoweza kumpokonya mzee kitu cha kutembelea bila kujifedhehesha. Upanga ukiwekwa mahali pa fimbo, hakuna tukio. Na fimbo hiyo ingekuwa ya dhahabu yenye jiwe linalowaka kileleni, kama wachoraji wengi wanavyopenda, Háma angekuwa mjinga kuiruhusu.

Wasomaji wetu wa pwani na bara wanaielewa hali hii haraka, kwa kuwa fikra zao kuhusu fimbo zilijengwa kabla hawajasikia neno fantasia. Nitataja maandiko matakatifu kwa heshima yake, bila kuyaweka kundi moja na hadithi za kubuni. Katika Surat Taha, Nabii Musa anapoulizwa ameshika nini, anajibu kwa mambo ya mchungaji: anaiegemea, anaangushia majani kwa ajili ya kondoo wake, na ina matumizi mengine. Muujiza unakuja baada ya hapo, na unatisha kwa sababu umekikuta kitu cha kazi. Mwelekeo huohuo unaonekana katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo anazaliwa ameshika conga, usinga wenye mpini. Kwa kitu hicho cha kufukuzia nzi anamwangusha Muisa, mkuu wa kuzimu, na kwa kitu hichohicho anamfufua. Usinga ni tofauti na fimbo ya kupigania, nakubali, lakini shujaa anashinda kwa chombo ambacho mzee yeyote kijijini anacho, na chombo hicho kinaweza kuanguka upande wa kuua na upande wa kurudisha uhai. Upanga hauna pande hizo mbili.

Fimbo ya mti huvunjika, na kuvunjika huko kuna maana kubwa. Katika riwaya hiyohiyo ya Tolkien, juu ya daraja la Khazad-dûm, Gandalf anapiga kwa fimbo, daraja linapasuka, na fimbo inavunjika pamoja nalo. Baadaye anaivunja fimbo ya Saruman, mganga mwenzake, kwa neno, na msomaji anaelewa mara moja kwamba cheo cha Saruman kimekwisha. Pana tukio dogo zaidi ambalo mimi nalipenda kuliko hayo. Faramir anawapa wasafiri wawili, Frodo na Sam, fimbo mbili za mti uitwao lebethron, zilizotiwa chuma chini, kwa ajili ya safari ya milimani. Gollum anapomvamia Sam, Sam anampiga kwa fimbo hiyo hadi inamvunjikia mgongoni. Hakuna radi wala mwanga hapo. Ni zawadi ya safari iliyofanya kazi ya silaha dakika moja na kwisha, na mtu aliyetoka kuitegemea kupanda mlima sasa hana.

Watakaonipinga kwa nguvu zaidi watanitajia Sun Wukong, mfalme wa nyani katika Safari ya Magharibi, riwaya ya Kichina ambayo toleo lake la kale zaidi lililo kamili tulilonalo ni la mwaka 1592. Fimbo yake ni ya chuma, ina uzito wa jin 13,500 (kipimo cha uzito cha Kichina), hurefuka atakavyo, na hupungua ikawa sindano ya kuwekwa sikioni. Je, haikuvunja kila sharti ninalolitetea? Naona inalithibitisha. Mwandishi wake amempa nyani mwasi silaha ya watawa na walinzi wa barabarani mbele ya majemadari wa mbinguni wenye silaha za kila namna. Kisha kila ajabu aliyoiongeza imekuza sifa ambayo fimbo tayari inayo: urefu umekuwa urefu usio na kikomo, na urahisi wa kubebeka umekuwa sindano. Wanaosema kwamba fantasia ina uhuru wa kufanya lolote wanasema kweli. Lakini uhuru huo huzaa ajabu pale tu msomaji anapojua kawaida ilikuwa nini kabla ya kuvukwa.

Lipo pia swali la kuua. Wengine huiona fimbo kuwa silaha ya huruma, ya mhusika mwema asiyetaka damu. Peeke aliua kwa fimbo, na fuvu la mtu halitofautishi sana mti na chuma. Tofauti ni kwamba mwenye fimbo ana ngazi nyingi za kupita kabla ya kufika huko: kuzuia, kusukuma, kupiga kifundo cha mkono, kuangusha. Wasuri wa kusini-magharibi mwa Ethiopia hupambana kwa fimbo za donga zinazozidi kimo cha mtu, mapigo yakiwa ya kweli, na kumuua mpinzani ni mwiko. Nchini Misri, tahtib, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, ilianza kama sanaa ya mapigano na leo huchezwa kwenye sherehe. Mhusika mwenye fimbo hubeba uamuzi huo katika kila pigo, na mwandishi anayemwonyesha akiamua anapata mandhari ya mapambano yenye akili ndani yake.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaoandika fantasia kwa Kiswahili, na idadi yenu iongezeke, msiziazime fimbo zenu kwenye vibonzo. Semeni ni ya mti gani na ina urefu gani. Amueni mwenye nayo aliitumia kwa kazi gani kabla ya vita, na nani anaweza kumnyang'anya. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, bado kinachezwa Lamu wakati wa Maulidi, wawili wawili katikati ya duara, ngoma ikienda. Nendeni mkakitazame, muanze na miguu ya wachezaji kabla ya fimbo zao, kisha mkaandike.