Moshi wa Kulamawe na Vanila ya Kiwandani

Ladha ya moshi huingia katika maziwa ya Kulamawe hata kabla ngamia hajakamuliwa. Katika mji huo mdogo wa wafugaji, kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Garba Tula, chombo huoshwa, kikakaushwa, kisha kijinga cha moto hutiwa ndani na kifuniko kikarudishwa mpaka moshi ushike kuta zake. Kwa Waborana chombo chenyewe ni gorfa, inayosukwa kwa nyuzi za mimea. Moshi huo huua sehemu ya vijidudu, hivyo maziwa hukawia kuharibika. Ladha ni faida ya pili, ingawa mnywaji aliyeizoea huitaja kwanza.

Kikemia, kinachofanya kazi ni lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Ikiungua kwa hewa haba, huvunjika na kutoa guaiakoli na siringoli, zenye harufu ya moshi, pamoja na vanilini kidogo. Vanilini hiyo haina tofauti na ile iliyomo katika ganda la vanila.

Hapo ndipo kijinga cha mfugaji kinapokutana na maabara. Mwaka 1874, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini kutokana na utomvu wa misonobari. Kabla ya karne ya 19 kwisha, viwanda vya Ulaya viliipata pia kwa eujenoli ya mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba ziliongoza dunia kuliuza. Kwa hiyo, wasikilizaji, baadhi ya vanila iliyolambwa Paris enzi hizo huenda ilichumwa Pemba! Miaka ya 1930 zamu ikawa ya maji machafu ya viwanda vya karatasi, yaliyojaa lignini. Leo sehemu kubwa ya vanilini hutokana na guaiakoli ya petroli.

Sheria za Ulaya na Marekani hutazama asili, si molekuli. Vanilini ya petroli hairuhusiwi kuitwa ya asili. Ile inayotengenezwa na vijidudu kutokana na pumba za mpunga inaruhusiwa. Mdanganyifu hunaswa kwa kaboni-14: mmea wa juzi unayo, petroli ya mamilioni ya miaka haina tena. Ulimi hauwezi kupima hivyo. Lakini ganda zima, kama lile la Uganda ambalo ua lake huchavushwa kwa mkono, ni habari nyingine: vanilini ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wake, na huandamana na mamia ya viambato vingine ambavyo chupa ya vanilini ya kiwandani haina.

Moshi nao ulipelekwa kiwandani. Mwaka 1895, Ernest Wright wa Kansas City alianza kuuza moshi uliopozwa ukawa maji na kutiwa chupani. Ladha za namna hiyo, zilizosafishwa kupunguza lami, zilienea katika soseji, jibini na vibanzi vya viazi. Hata hivyo, mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa vibali vya ladha 8 za moshi, baada ya wataalamu wake kushindwa kuondoa shaka kwamba zinaweza kudhuru chembe za urithi. Vyakula vingi vilipewa miaka 2 ya kuziacha. Nyama, samaki na jibini vilivyozoea moshi wa jadi vikapewa 5. Uamuzi huo haukugusa ukaushaji kwa moshi wa kuni, ambao una kanuni zake kuhusu benzopireni, sumu inayotokana na kuungua kwenyewe.